Mnaishi sogea tukae na unataka jina la mwenzio liingie kwenye hati ya nyumba? Fanya hivi

Nina kasteshenari kangu hapa Mbeya, nachapa mikataba, natoa kopi, nawasaidia watu kujaza fomu za ardhi kabla hawajaenda kugongewa muhuri kwa wakili, kwahiyo hili swali nalisikia mno: tunaishi wote, hatujafunga ndoa, nyumba ina jina la mmoja, huyu mwingine tunamuingizaje? Inawezekana kabisa. Hakuna sheria Tanzania inayosema lazima muwe na cheti cha ndoa ndo mmiliki nyumba wawili, hata mtu na rafiki yake, hata kaka na dada wanaandikwa kwenye hati moja. Shida ipo kwenye namna mnavyoandikwa, na hapo ndo watu wanaumizana.

Kwanza tuondoe ile imani ya miaka miwili. Utasikia mtu anasema "sisi tushapitisha miaka miwili, sheria inatutambua, nyumba ni ya wote". Taratibu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi mpaka jamii ikawa inawaona kama mume na mke, kunakuwa na dhana kwamba wameoana. Ni dhana tu hiyo, cheti hamna. Mwenzio akikana, au akifariki halafu ndugu zake wakakukana pale pale msibani, itabidi uende mahakamani na mjumbe wako na majirani wako wathibitishe, na upande wa pili nao wanaruhusiwa kuipinga. Na inapingika kirahisi sana kama mmoja wenu alishafunga ndoa ya kanisani huko Tukuyu au Njombe na haijawahi kuvunjwa, maana mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kudhaniwa ameoa tena.

Sikatai, mahakama zimewahi kuwaokoa watu. Kuna kesi ya Hemed Tamim na Renata Mashayo iliyo kwenye taarifa za kesi za 1994, hapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata dhana ya ndoa ikianguka, mahakama bado inaweza kugawa nyumba ambayo hao wawili waliichuma pamoja. Na ile maarufu ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983 ilishasema kupika na kulea nako ni mchango, ingawa wale walikuwa na ndoa yao. Ila hizo ni kesi, yaani wakili, nauli, tarehe inaahirishwa, shahidi kahamia Chunya kutafuta dhahabu. Jina kwenye hati halihitaji shahidi.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu. Wanandoa wakigombana sheria ina mahali pa kuanzia kuwagawia, nyie ambao hamjaoana mahali pa kuanzia ni kile mlichokiandika wenyewe, basi andikeni kwa hesabu.

Kuandikwa wawili kwenye hati kuna aina mbili. Kuna umiliki wa pamoja ambao nyumba yote ni ya wote bila mafungu, mmoja akifa anayebaki anachukua yote moja kwa moja. Halafu kuna umiliki wa hisa, kila mtu ana fungu lake linalojulikana, na akifa fungu lake linaenda kwa warithi wake. Sheria ya Ardhi ya 1999 (Sura ya 113), kifungu cha 159, ile aina ya kwanza imewawekea wanandoa. Ambao hamjaoana njia yenu ni hisa. Na kwenye hisa kuna ulinzi mzuri ambao watu hawaujui, mmoja hawezi kumuuzia mtu baki fungu lake bila wewe mwenzie kukubali kwa maandishi, ila na wewe huruhusiwi kukataa bila sababu ya maana.

Sasa mkae mzungumze mafungu, na hapa ndo pagumu kuliko ofisi zote mtakazopita. Walikuja kwangu baba mmoja na mama wanaishi Uyole, mama ni mtu wa viazi, anakusanya mzigo anapakia malori ya Dar. Fomu iko mezani, nikamuuliza baba hisa niandike ngapi kwa ngapi, akasema "wewe dada andika tu wote wawili, nyumba ni yetu". Mama akaweka kipochi chini akasema, "Baba Neema, yetu ni ngapi? Bati nimeezeka mimi, madirisha mimi, yetu ni ngapi?" Jamaa akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha wakatoka nje wakasimama karibu na bodaboda wanaongea kwa sauti ya chini muda mrefu. Waliporudi wakasema theluthi mbili kwa moja. Nikaandika hivyo. Mimi niliwaheshimu sana wale watu, maana wengi pale pale wangesema andika nusu kwa nusu ili yaishe, halafu moyoni kila mmoja ana hesabu yake.

Hesabu yenyewe haina ufundi. Tuseme kiwanja kilinunuliwa na mmoja kwa milioni 6 kabla hamjajuana, akapandisha boma mpaka lenta kwa milioni 14, halafu mwenzie akaja akaezeka, akaweka grili na sakafu kwa milioni 10. Jumla milioni 30, wa kwanza ana 20 ambayo ni theluthi mbili, wa pili 10 ambayo ni theluthi moja. Kama mnataka kuhesabu na kulea watoto na kusimamia mafundi, na mimi nashauri mhesabu, kubalianeni inabeba kiasi gani na muandike. Nusu kwa nusu pia ni sawa kabisa kama wote mmeridhika kwelikweli. Kinachokatazwa ni kuacha ile sehemu tupu au kuandika "wote".

Kingine cha kuangalia mapema ni karatasi gani mnayo, maana watu wanasema "hati" wakimaanisha chochote chenye muhuri. Mitaa mingi ya Mbeya, na Iringa hivyo hivyo, mtu ana mkataba wa mauziano tu uliosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, eneo halijapimwa. Kama uko hapo, una bahati kuliko unavyodhani, kwa sababu hamna hati ya kuhamisha bado. Subirini zoezi la urasimishaji lifike mtaani kwenu au mkapime wenyewe, na kwenye maombi ya hati mjaze majina mawili na hisa zenu tangu mwanzo, mtakwepa karibu mzunguko wote nitakaouelezea hapa chini. Wakati mnasubiri, andikeni makubaliano ya pande mbili kwa wakili, yeye kachangia nini, wewe nini, mafungu mangapi, kila mtu abaki na nakala halisi.

Vijijini ni hati ya hakimiliki ya kimila, hii inatoka kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Sura ya 114). Nayo inapokea majina mawili, na vijiji vingi vya Iringa Vijijini vilishapimwa kwenye ule mradi wa kupima ardhi kwa simu, kwahiyo hati zipo. Kuongeza mtu mnapitia halmashauri ya kijiji, inakaa, inakubali au inakataa, mabadiliko yanaingia kwenye daftari la ardhi la kijiji. Kama mwenzio ni mgeni pale, mfano wewe Mhehe wa Kalenga yeye Mnyakyusa wa Busokelo, jiandae kuulizwa maswali, "huyu ni nani kwako", na wazee watataka kujua ya mahari. Usikasirike, jibu kwa adabu, kanywe nao chai.

Haya, sasa wenye hati yenyewe ile ya miaka 33, 66 au 99 yenye jina la mmoja. Kisheria hapa mwenye jina anahamisha sehemu ya milki yake kwenda kwa mwenzie, au anahamisha kutoka "mimi" kwenda "mimi na yeye", kwahiyo taratibu ni zile zile za kuuza nyumba ingawa hamna anayehama.

Anzeni na upekuzi kwa Msajili wa Hati, mnaomba rasmi mnalipia, mnapewa karatasi inayoonyesha mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Msiruke hii hata kama mnaaminiana, maana kuna watu wamekuja kugundua hati iko benki kwa mkopo ambao mwenzie hajawahi kuusikia. Kama kuna rehani, benki lazima iridhie kwa barua, hamna njia ya mkato. Pili, lipeni pango la ardhi lote, hili ni tofauti na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, watu wanachanganya kila siku. Mnachukua kontro namba, mnalipa kwa simu, mnatunza risiti. Deni la miaka kumi linasimamisha kila kitu.

Baada ya hapo mwende kwa wakili. Atawaandalia mkataba, kama mwenzio anakulipa au alishachangia utakuwa mkataba wa mauziano ya hisa, kama unampa bure itakuwa hati ya zawadi, andikeni kile ambacho ni kweli. Pamoja nao kuna fomu za ardhi namba 29 (taarifa ya uhamisho), namba 30 (maombi ya kibali) na namba 35 (uhamisho wenyewe). Beba paspoti saizi zenu, vitambulisho vya NIDA, TIN za wote wawili, hati halisi, risiti ya pango. Majina yafanane herufi kwa herufi na NIDA. Kwetu huku hii inasumbua kwa sababu mtu NIDA yupo Tumaini, kwenye hati yupo Tumain, ukoo kwingine Mwakalinga kwingine Mwakalinge, na hapo unaambiwa ukaape kiapo cha majina ndo urudi. Kagua nyumbani kabla hujapanda daladala.

Mthamini aliyesajiliwa anakuja kuangalia nyumba anaandika ripoti, na inatakiwa iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwahiyo thamani sio ile mliyoitaja nyie. Faili linaingia ofisi ya ardhi ya halmashauri yenu, Jiji kwa Mbeya, Manispaa kwa Iringa, kisha linapanda ofisi ya ardhi ya mkoa kwa kibali. Likitoka hapo mnaenda TRA, na mwisho Msajili anaandikisha. Muda unategemea faili lenu limekamilika kiasi gani, ila panga miezi, usipange wiki, na kila ukipeleka kitu uwe na kopi iliyogongwa "imepokelewa" na tarehe, hii nawasisitizia kwa sababu faili likipotea anayeteseka ni wewe.

TRA ndo panapowashangaza watu. Wengi wanadhani ukiandika zawadi hamna kodi kwa sababu hela haijatembea. Sio hivyo, kwenye zawadi TRA wanatazama thamani ya soko kana kwamba uliuza. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni 10% ya faida, faida ikiwa ni thamani ukitoa gharama zako za kununua na kujenga, ndo maana risiti za saruji na nondo ni mali. Kama huna kumbukumbu za gharama, tangu 2023 kuna njia ya 3% ya bei au thamani iliyoidhinishwa, ile kubwa. Kwa mfano wetu, theluthi ya nyumba ya milioni 30 ni milioni 10, 3% yake laki 3. Halafu kuna ushuru wa stempu 1%, hapo laki 1. Lakini kabla hujalipa waulize kuhusu nafuu ya makazi binafsi: nyumba uliyoimiliki miaka 3 au zaidi, ukaishi humo jumla ya walau miaka 3, na faida haizidi milioni 15, haikatwi hiyo kodi ya ongezeko la mtaji. Wenye nyumba za kawaida za huku kwetu wengi wanaingia humo na hawajui. Ongeza hela ya mthamini, wakili, na ada za usajili, na viwango huwa vinaguswa kila bajeti ya Juni, kwahiyo ulizia vya mwaka huo huo.

Wengine wakisikia hizo hela wananiuliza si bora tufunge ndoa tu? Mnaweza, ndoa ya serikali bomani mnatoa taarifa siku 21 kabla, sio lazima ng'ombe wote wawe wameshalipwa. Na ndoa inaleta ulinzi wake, nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mwenza kuridhia. Ila cheti cha ndoa hakiingizi jina kwenye hati chenyewe, mzunguko wa kuhamisha uko pale pale. Msioane kwa ajili ya fomu.

Kuna mtu mmoja ambaye njia hii kwake imefungwa kabisa, naye ni mwenza asiye raia. Huku tuko jirani na Kasumulu na Tunduma, watu wanapendana na Wamalawi na Wazambia kila siku na wana watoto. Asiye raia haruhusiwi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, nyumba ya kuishi haimo. Usimtafutie kitambulisho cha kichochoroni, mtapoteza nyumba na mtu. Mwenzio kama huyo mlinde kwa makubaliano ya maandishi kuhusu hela aliyoweka, na mali nyingine.

Na wewe baba mwenye mke Rungwe halafu mjini unaishi na mwingine, sikuhukumu, ila nyumba kama ilichumwa ndani ya ndoa ile, au mke aliwahi kuishi humo, yeye ana haki humo na ridhaa yake inahitajika. Utaulizwa hali yako ya ndoa, ukiandika "sijaoa" kwenye kiapo hilo ni kosa la jinai na uhamisho wenyewe unaweza kufutwa. Na mama unayeingizwa, muulize mapema, kwa sababu atakayekuja kufukuzwa ni wewe.

Sasa narudi kwenye hisa maana kuna shimo. Nilisema mmoja akifa fungu lake linaenda kwa warithi wake. Hao warithi kwa nyie ambao hamjaoana wanaweza kuwa baba yake, kaka zake, watoto wa kwingine. Yaani unamaliza matanga, shemeji anakaa sebuleni anakwambia theluthi mbili ya hii nyumba ni ya ukoo, na kisheria hajakosea. Dawa ni wosia, na uandikwe wiki ile ile mnayosaini fomu, kila mmoja wake, unasema fungu langu namwachia fulani. Kwa wanaofuata mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unatakiwa mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, kwa asiyejua kusoma ni wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Huyo wa ukoo mchague kwa akili, shangazi mwenye msimamo ni bora kuliko kaka mwenye madeni. Unaweza kuutunza RITA, kwa wakili au benki, usiuweke kabatini kwenye nyumba hiyo hiyo.

Mwenye nyumba naye ajue anachofanya. Jina likishaingia halitoki kwa hasira. Mkiachana hutoi tangazo ukalifuta, mpaka yeye asaini kukurudishia au mahakama iamue. Na mwenzio akiwa na madeni, wale kausha damu wakienda mahakamani wakashinda, fungu lake linaweza kukamatwa, utajikuta unajadiliana na dalali. Kwahiyo ulizaneni madeni kabla, waziwazi.

Vipi kama wewe ndo ulichangia na mwenye jina hataki hata kusikia? Usipige kelele kwanza, kusanya. Risiti za bati zenye jina lako, miamala ya M-Pesa kwa fundi, mkataba wa fundi, picha za ujenzi zenye tarehe, jina la mjumbe aliyewaona mkijenga. Ukisikia anatafuta mteja, nenda kwa Msajili uweke zuio kwenye hati, unaapa kiapo kueleza maslahi yako kwenye hiyo nyumba, na likishaingia hawezi kuuza kimyakimya mpaka hoja yako isikilizwe. Kama nyumba haina hati, peleka barua kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti wapate taarifa ya mgogoro, ibaki na muhuri. Hela ya wakili ikiwa hamna, tafuta wasaidizi wa kisheria wa wilaya yenu, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure, muulize afisa maendeleo ya jamii akuelekeze. Usiweke zuio la uongo ili kumkomoa mtu, utalipa fidia.

Hati ikirudi mikononi isome pale pale kaunta kabla hujasaini kupokea: majina mawili, hisa zimeandikwa kwa tarakimu, namba ya kiwanja na kitalu, miaka iliyobaki (mnaendelea na ile ile ya zamani, haianzi upya). Kosa likionekana hapo hapo ni rahisi kurekebishwa, ukiondoka nalo nyumbani utaanza na barua. Toa kopi, kila mmoja abaki na yake iliyothibitishwa na wakili, na mkubaliane hati halisi inakaa wapi.